Bwana Aliuliza Kwanza

Somo: Marko 9:14-29. Soma pia 2 Wafalme 20:1-7, Luka 10:30-35 na Yohana 9:1-3.



Mwezi wa nane ndio mwezi ambao jamaa yetu inamkumbuka mdogo wangu, aliyelala katika mwaka 2019. Alikuwa na miaka 33. Kila mwaka tunafanya sala ya ukumbusho, tunaimba, tunakula wali na sombe, halafu kila mtu anarudi nyumbani kwake. Na kila mwaka tunasema maneno yale yale: alikuwa kijana mzuri, Mungu alimpenda, Mungu amemtwaa. Mimi ni kaka yake mkubwa, tena ni shemasi. Nimeona kwamba sala hiyo haitoshi, kwa sababu tunamkumbuka bila kusema namna alivyokufa. Mama yetu amekubali niseme. Mchungaji wetu pia ameisoma karatasi hii, akaniambia: peleka. Mama aliomba jambo moja tu, nisiandike jina la mtoto wake. Nimemtii.

Tulizaliwa hapa Opala. Baba alilima mpunga na muhogo. Mimi nilipelekwa Kisangani kusoma sekondari, na nilikuwa kule wakati wa vita ya siku sita, tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipopigana katikati ya mji wetu na makombora yakaanguka juu ya nyumba za watu. Baada ya vita hakukuwa tena na pesa ya kusomesha watoto wawili. Mimi nikaendelea, nikapata diploma. Yeye akaacha shule, akawafuata vijana waliokwenda kuchimba almasi. Ninalitaja jambo hili kwanza, maana sitaki mtu afikiri kwamba alikuwa mvivu. Pesa ya mtihani wangu wa mwisho ilitoka mkononi mwake.

Kule chimboni mtu anasimama ndani ya maji mpaka kiunoni tangu asubuhi hata jioni, anachekecha changarawe. Alikuwa mtoto wa miaka 16. Wakubwa wakamwambia kwamba bangi inaondoa woga na lotoko inaondoa baridi. Ninyi nyote mnaijua lotoko, ile pombe kali inayopikwa kwa mahindi na muhogo. Akavuta, akanywa, akafanya kazi. Aliporudi Kisangani alinunua baiskeli, akafanya kazi ya toleka, kubeba watu na magunia. Mgongo ukaanza kumuuma. Katika soko kuna vijana wanaopita na sinia za vidonge, wanauza bila karatasi ya mganga. Wakampa tramadoli.

Wapendwa, vidonge hivyo si uchawi, tena si sumu vyenyewe. Ni dawa ya maumivu. Mganga anaweza kumwandikia mtu aliyepasuliwa, na mtu mzima hapaswi kupita miligramu 400 kwa siku moja. Lakini mwili unaizoea upesi. Kidonge kimoja cha jioni kinakuwa viwili, viwili vinakuwa vinne, na siku mtu anapokosa, mwili wote unauma, jasho linatoka, usingizi unakimbia. Basi anatafuta tena. Mdogo wangu aliuza baiskeli. Halafu akauza redio. Katika 2017 alirudi kwa mama hapa Opala akiwa na mfuko mmoja wa nguo. Hapa vidonge havikupatikana kila siku, lakini lotoko ilikuwako kila siku. Akauza sufuria za mama.

Asubuhi mikono yake ilitetemeka mpaka anywe. Akiisha kunywa kidogo, mikono inatulia, anaweza hata kushika panga na kwenda shambani. Tuliona jambo hilo kwa macho yetu miaka miwili. Hakuna aliyeuliza maana yake. Tulisema: tazameni, anaanza kulewa kabla jua halijapanda.

Sasa nitasema lile lililo zito.

Mwezi wa nane 2019 alikuja nyumbani kwangu usiku. Akasema: “Yaya, nimechoka. Fanyeni juu yangu lolote mnalojua.” Hakulazimishwa na mtu. Alikuja mwenyewe kwa miguu yake, na alikuja kwangu kwa sababu nilikuwa yaya yake na shemasi. Mimi ndiye niliyetoa shauri: siku tatu za kufunga na kuomba, yeye akiwa ndani ya chumba cha maombi, mlango umefungwa, bila chakula, bila pombe, na maji kidogo tu. Wazee wakakubali. Tukaingia siku ya Ijumaa.

Ijumaa jioni alitetemeka mwili wote, jasho likalowesha mkeka. Usiku hakulala. Karibu na asubuhi akanishika shati, akasema: “Yaya, nipe kidogo tu ya asubuhi, halafu tuendelee kuomba. Bila hiyo nitakufa.” Nikamjibu kwamba ni Shetani anayesema kwa kinywa chake. Nikaanza kuimba, ili nisimsikie.

Jumamosi kifafa kikamshika. Akaanguka, akakaza meno, povu likatoka. Tukafungua Marko sura ya 9, tukasoma kwa sauti, maana tuliona jambo lile lile mbele yetu. Tukafurahi, tukasema pepo ameanza kutoka. Mwonaji mmoja akasema anaona mwanamke wa jamaa ya baba amesimama nyuma ya kijana. Watu wote wakamfikiri shangazi yetu, aliyekuwa amekaa mlangoni tangu Ijumaa anamlilia.

Jumapili alikuwa moto kama jiwe la mafiga. Aliona siafu ukutani, akajaribu kuwakung’uta. Alizungumza na baba yetu aliyekufa zamani. Kifafa kikarudi mara mbili. Baada ya mara ya pili akanyamaza. Tukasema: amefunguliwa, sasa analala. Tukaimba wimbo wa shukrani, ubeti baada ya ubeti. Ni mama mmoja wa kusanyiko aliyegusa mguu wake, akaona ni baridi.

Ndivyo alivyokufa mdogo wangu. Kwenye matanga tulisema alishinda vita na Bwana akamchukua akiwa safi. Mimi mwenyewe nilisema hivyo mbele ya watu.

Miezi ikapita. Siku moja nilimpeleka mtoto wangu kwa muuguzi sababu ya malaria, nikamsimulia. Muuguzi yule hakunikemea. Aliuliza: “Alikuwa akinywa kila siku? Miaka mingapi? Mikono ilitetemeka asubuhi?” Nikajibu yote. Akakaa kimya, kisha akanieleza hivi. Mtu akinywa pombe kali kila siku kwa miaka, pombe inatuliza ubongo, na ubongo kwa kujitetea unaongeza mwendo wake, kama dereva anayekanyaga gesi kwa sababu freni imeshikwa. Siku pombe inapokatwa kwa ghafula, freni imeachiliwa lakini gesi ingali imekanyagwa. Katika saa sita mpaka siku moja mtu anatetemeka na kutoka jasho. Katika siku mbili za kwanza kifafa kinaweza kumshika. Kufika siku ya pili au ya tatu anaweza kuchanganyikiwa, kuona wadudu na watu wasiokuwako, mwili ukawa moto, moyo ukaenda mbio. Wengine wanakufa. Zaidi ya hayo, tramadoli nayo inaweza kuleta kifafa. Akasema kuna dawa ya kumshusha mtu polepole, jina lake diazepamu, pamoja na vitamini B1, maji ya serumu, na macho ya mtu anayemwangalia usiku na mchana. Dawa hiyo hutolewa kwa kipimo na muuguzi au mganga, hainunuliwi kwenye sinia, maana nayo inafunga mtu ikitumiwa ovyo.

Nikahesabu siku. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Yote yalikuwa yamefuatana kama muuguzi alivyosema. Mdogo wangu aliponiambia atakufa, alikuwa ananieleza kweli ya mwili wake, nami nikaita sauti yake sauti ya Shetani.

Wapendwa, nilirudi nyumbani nikafungua tena Marko sura ya 9. Niliogopa kuisoma. Lakini niliisoma polepole, nikaona mambo matatu ambayo siku zile tatu hatukuyaona.

La kwanza: Bwana aliuliza. Aliposhuka mlimani aliwakuta wanafunzi wameshindwa, makutano yamejaa, waandishi wanabishana nao, na mtoto yuko katikati anagaagaa. Yeye aliye na uwezo wote angeweza kusema neno mara moja. Lakini alimgeukia baba kwanza, akamwuliza habari ya ugonjwa, umeanza lini. Na baba akapata nafasi ya kueleza yote: tangu utoto, mara motoni, mara majini. Mwana wa Mungu, anayejua yote, aliuliza kama muuguzi anavyouliza. Sisi tusiojua kitu hatukuuliza lolote. Na swali tulilouliza lilikuwa baya, maana tuliuliza ni nani amemroga. Wanafunzi nao waliuliza hivyo juu ya kipofu, katika Yohana sura ya 9, ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana alilikataa swali lile. Swali la nani linamtafuta mtu wa kulaumiwa. Swali la tangu lini linamtazama mgonjwa.

La pili: kufunga. Biblia nyingine zinasema mwishoni mwa habari hii kwamba jambo kama hilo linahitaji maombi na kufunga. Neno hilo tulilishika kama fimbo. Lakini Bwana alimwambia nani? Aliwaambia wanafunzi, ndani ya nyumba, walipokuwa peke yao pamoja naye. Hakumwambia mtoto. Mtoto hakufungishwa. Wenye kupaswa kufunga na kuomba walikuwa wale wenye afya, waliotaka kusaidia. Sisi tuligeuza. Mimi nilikula muhogo Jumamosi jioni nyuma ya nyumba ili nipate nguvu ya kuimba usiku, na mgonjwa alikuwa na njaa ndani. Ee Bwana, unirehemu.

La tatu: mkono. Pepo alipotoka, mtoto alilala kama mfu, na wengi wakasema amekufa. Yesu hakuanza kushangilia. Alimshika mkono, akamwinua. Kwetu mambo yalikuwa kinyume: mdogo wangu alilala akiwa mfu, na wengi tukasema yuko hai. Katika chumba chetu hapakuwa na mtu aliyemshika mkono. Kama mmoja tu kati yetu angemshika mkono, angejua.

Labda ndugu mmoja atasema: shemasi huyu amepoteza imani, sasa anahubiri hospitali. Hapana. Fungueni 2 Wafalme sura ya 20. Mfalme Hezekia alikuwa mgonjwa wa kufa. Akalia mbele za Mungu, na Mungu akamrudisha nabii Isaya na neno la uponyaji, kwamba ataongezewa miaka 15. Ahadi ilikuwa imekwisha kutoka kinywani mwa Mungu. Na nabii alifanya nini? Aliagiza walete andazi la tini, waliweke juu ya jipu. Nabii, tena nabii mkubwa, baada ya kupokea neno, aliagiza dawa! Hakuona haya. Hakusema kwamba tini zitapunguza utukufu wa Mungu. Sisi ni kanisa la unabii. Basi tumfuate nabii Isaya mpaka mwisho wa habari yake, tusiishie katikati.

Na yule Msamaria wa Luka sura ya 10 alitia mafuta na divai katika majeraha, akampandisha mtu juu ya mnyama wake, akampeleka kwenye nyumba ya wageni, akakesha naye, akalipa dinari mbili, na akaahidi kurudi kulipa zaidi. Angalieni: alijua kwamba mtu yule hataondoka mzima kesho yake. Kufunguliwa katika lotoko na vidonge ni safari namna hiyo. Wengi wanaanguka tena mara ya kwanza na ya pili. Atakayewasaidia lazima awe mtu wa kurudi.

Jambo hili si la jamaa yangu tu. Mwaka 2021 redio zilitangaza habari za Kinshasa, vijana wanaotumia bombe, unga wa kahawia unaotoka ndani ya vichujio vya bomba la moshi la magari, umesagwa na kuchanganywa na vidonge. Wanavuta, wanasimama barabarani wameinama, wamelala wakiwa wima. Vichujio viliibwa katika magari ya watu. Mwezi wa nane mwaka ule Rais Tshisekedi aliomba hatua zichukuliwe, na polisi wakakamata watu karibu mia. Nilisikia wengi hapa wakisema: hayo ni ya Kinshasa, sisi tuko msituni. Wapendwa, mtumbwi wa motere unaoleta chumvi na sabuni unaleta na vidonge. Chimbo liko karibu kuliko shule. Tusidanganyane.

Basi ninaomba mambo haya machache katika makusanyiko yetu, na mchungaji wetu amekubali tuyaanze hapa kwetu.

1. Mtu akija kuomba msaada wa kuacha pombe kali au vidonge, tumwulize kwanza, kwa upole na bila watu wengi: unakunywa nini, kiasi gani, tangu lini, asubuhi mikono inatetemeka, umewahi kuanguka kifafa? Tumwamini anapojibu.

2. Anayekunywa kila siku asikatishwe kwa ghafula ndani ya chumba. Shemasi ampeleke kwa muuguzi kwanza, siku ile ile, amshike mkono. Akianza kuanguka kifafa, kuona visivyokuwako au kuwaka moto, hiyo ni hatari ya kufa, apelekwe hospitali hata usiku, kwa baiskeli au kwa mtumbwi, na waombaji waombe njiani.

3. Mgonjwa asifungishwe chakula wala maji. Anayetaka kumfungia, afunge yeye mwenyewe. Na mtu asifungwe kamba wala kupigwa.

4. Anayesema ameona mchawi, aseme kwa mchungaji peke yake, asitaje mtu mbele ya kusanyiko.

5. Majina ya watu hawa yaandikwe kwenye karatasi ya wagonjwa tunayoisoma kila Jumapili, kama wenyewe wakikubali. Jina la mdogo wangu halikuandikwa hata mara moja kwa miaka miwili, sababu ya haya yangu. Mara ya kwanza liliposomwa kanisani lilikuwa kwenye matanga yake.

Ninajua kwamba pesa ni shida, na vituo vya ugonjwa wa namna hii viko mbali. Kinshasa kuna CNPP, Bukavu kuna SOSAME, na kutoka Opala hakuna anayefika huko kwa wiki moja bila fedha. Lakini kituo cha afya chenye muuguzi mmoja ni bora kuliko chumba chetu kilichofungwa. Tuanze na kile kilicho karibu. Sanduku la wajane na yatima linaweza kulipa maji ya serumu ya mtu mmoja.

Shangazi yetu aliacha kuja kanisani baada ya matanga. Mwaka jana nilikwenda kwake, nikapiga magoti, nikamwambia yote ambayo muuguzi alinieleza. Alilia sana. Akaniambia kwamba siku ile ya Jumamosi alikuwa ameficha chupa ya uji ndani ya kitenge chake ili ampe mtoto wa kaka yake, nasi tukamfukuza mlangoni kabla hajampa. Sasa anakuja tena. Anakaa nyuma, karibu na mlango.

Mimi nilikwenda pia mbele ya wazee kuomba niondolewe katika kazi ya ushemasi. Walikataa. Waliniambia: wanafunzi tisa walioshindwa chini ya mlima, Bwana hakuwafukuza, lakini wao walimwuliza sababu ya kushindwa kwao. Uliza, kisha uwaambie wengine. Ndiyo maana nimeandika.

Vijana wetu mnaosoma au mnaosomewa karatasi hii, nanyi mko chimboni, au juu ya baiskeli, au mnasinzia kwenye kibanda cha lotoko: njooni. Msipotuamini, mna haki. Lakini njooni mchana, na mama zenu au rafiki zenu, na semeni wazi mnalotumia. Hatutafunga mlango.

Tuombe. Baba yetu wa mbinguni, wewe unayejua kabla hatujauliza, utufundishe kuuliza. Utusamehe mikono iliyopiga makofi wakati ilipotakiwa kumshika mtu. Umpokee mdogo wangu, aliyekuja kwa miguu yake mwenyewe kutafuta uzima. Umtie mama yetu nguvu, na shangazi yetu pia. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.

Ndugu yenu katika Bwana,
Shemasi, Opala